Je, wajua kwa nini ukuta wa bahari unaweza kuupoteza ufuko?

Bahari inapoanza kula ufuko wa mji, watu wengi hufikiria kwanza kujenga ukuta. Wimbi likiupiga hurudi lilikotoka, kwa hiyo huonekana wazi kwamba ufuko umelindwa. Sivyo. Ukuta hulinda kilicho nyuma yake: barabara, nyumba, hoteli. Ufuko uko mbele ya ukuta, upande wa bahari, na haukingwi na chochote. Mji unaotegemea wageni unaweza kuokoa hoteli zake zote na bado ukapoteza mchanga uliowaleta wageni hao.

Imani hii ina mizizi kwa sababu tunauona ufuko kama kitu kilichotulia mahali pake. Fikiria kituo cha daladala jioni. Ukipita saa 11 kuna umati, ukipita saa 12 kuna umati, lakini watu si wale wale. Wa kwanza wamepanda magari, wengine wamefika kutoka mitaani. Kituo kinaendelea kujaa kwa kuwa wanaofika wanalingana na wanaoondoka. Ikifungwa njia inayoleta watu huku magari yakiendelea kupakia, kituo kitabaki kitupu bila mtu yeyote kufukuzwa. Mchanga nao husafiri hivyo. Mawimbi yanayofika kwa mshazari huusukuma kandokando ya pwani. Kwetu Afrika Mashariki, kusi huupeleka kaskazini, na kaskazi ikivuma huurudisha kiasi upande wa kusini. Ajabu ni kwamba ufuko huo huo unaweza kunenepa upande mmoja msimu huu na kukonda msimu ujao, na bado ukawa mzima kabisa.

Ukuta hufunga njia mojawapo, kwani ardhi iliyokuwa ikimegwa ndiyo iliyokuwa ikitoa mchanga mpya. Zaidi ya hapo, ufuko ungejiokoa kwa kurudi nyuma polepole, lakini ukuta hauuruhusu. Maji husogea hadi mguuni pa ukuta na sehemu kavu ya mchanga hutoweka. Wataalamu wanabishana iwapo wimbi linaloruka kutoka ukutani huchimba mchanga zaidi, na matokeo hutofautiana kati ya ufuko na ufuko. Lakini kwamba ufuko hubanwa kati ya bahari na ukuta, hakuna ubishi.

Njia nyingine ni kuta fupi za mawe zinazochomoza baharini ili kuunasa mchanga unaopita. Hizi hufanya kazi, lakini mchanga ulionaswa ulikuwa na safari. Mappleton, kijiji cha mashariki mwa Uingereza, kiko kwenye pwani ya Holderness ambako magenge ya udongo hurudi nyuma kwa wastani wa karibu mita 2 kwa mwaka. Mwaka 1991 zilijengwa kuta mbili za namna hiyo kwa takriban pauni milioni 2. Kijiji na barabara yake vikapona. Kusini yake, kuelekea Cowden, mmomonyoko ukaongezeka na mashamba yakaanguka baharini.

Uholanzi imechagua kuongeza mchanga wenyewe. Mwaka 2011 ilimwaga karibu mita za ujazo milioni 21.5 mahali pamoja kwenye pwani ya Zuid-Holland, ili upepo, mawimbi na mikondo vyenyewe viusambaze. Nauona uamuzi huu kuwa wa busara zaidi, ingawa ni wa gharama, na mchanga ukiisha lazima uongezwe tena.

Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, hoteli ya Africana iliachwa baada ya bahari kuimega. Watafiti wametaja uchimbaji wa mchanga kwenye mito inayoulisha ufuko huo kuwa miongoni mwa sababu, ingawa si rahisi kupima uzito wake peke yake, kwa kuwa mawimbi na majengo yaliyo karibu mno na maji navyo vimo. Hata hivyo, mji unaochagua ulinzi unapaswa kuuliza kwanza mchanga wake unatoka wapi, kabla ya kulinganisha bei za mawe na zege. Kwa Kunduchi, sehemu ya jibu iko mitoni, mbali na mawimbi, na ni gumu kulitekeleza: mchanga huo huo ndio Dar es Salaam inaoujengea nyumba zake.