Hamira iliyotoka kwenye tangi si lazima iwe ile iliyoingia

Miezi ya karibuni maabara yetu ya hifadhi ya vijidudu imepokea malalamiko mengi ya aina moja: mteja alichukua hamira, akaiotesha mfululizo kwa wiki kadhaa, kisha akaona haifanani na aliyopewa. Wengi huhitimisha kwamba tulikosea kichupa. Hatudhani kuna anayetusingizia makusudi, ila la kuulizwa kwanza ni tangi lenyewe.

Katika kimostati, yaani tangi la kuoteshea vijidudu mfululizo, lishe huingia na seli hutoka kwa kasi ileile, na kirutubisho kimoja huachwa kiwe haba. Ukiingiza kila saa lishe sawa na sehemu ya tano ya ujazo wa tangi, hamira hulazimika kuongezeka maradufu kila baada ya saa tatu na nusu hivi. Hivyo ni vizazi saba kwa siku, zaidi ya 200 kwa mwezi. Seli yenye badiliko la jeni linaloiwezesha kunyakua kirutubisho hicho kabla ya wenzake hubaki, wenzake husombwa. Hamira "haizoei njaa", kama tunavyoandikiwa kila mara. Waliobaki ni wengine.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha habari za Saccharomyces cerevisiae, hamira ya kawaida ya mkate, iliyopitia vizazi 450 hivi katika uhaba wa glukosi: jeni za HXT6 na HXT7, zinazotengeneza protini za kuingiza sukari ndani ya seli, zilikuwa zimeongezeka nakala. Kwa uhaba wa salfeti, utafiti wa 2008 ulikuta tangi baada ya tangi nakala za ziada za jeni ya SUL1, inayotengeneza protini ya kuingiza salfeti ndani ya seli. Badiliko linalojirudia hivyo si bahati mbaya, kwa hiyo msituandikie kuwa ndivyo.

Lalamiko lipokelewe likiwa na namba ya kichupa, tarehe ya kuanza kuotesha, kasi ya lishe, kirutubisho kilichopunguzwa, na sampuli ya siku ya kwanza iliyogandishwa pamoja na gliseroli kwenye nyuzi 80 za Selsiasi chini ya sifuri. Sampuli ya siku ya mwisho peke yake haitoshi. Fomu pungufu hurudishwa bila kupimwa, na ada ya kuisajili hairejeshwi. Anayegawia wengine hamira ya tangini kwa jina la aina tuliyompa husimamishiwa huduma hadi atoe maelezo kwa maandishi, nakala mbili.