WITCH wa Zambia: albamu zao zikitolewa upya, nini hasa unachonunua

Wadau wananiuliza sana kuhusu matoleo mapya ya WITCH, na swali ni lile lile, "kaka hii imetoka kwenye masta au wamerekodi tu kutoka kwenye santuri?" Kazi yangu ni kuhamisha tepu na santuri za zamani kwenda dijitali kwa hiyo nimejibu hili mpaka vidole vimechoka, ngoja niliandike hapa mara moja.

Kwa ambao hawawajui, WITCH ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, bendi ya Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba kule Zambia, miaka ya 70, roki nzito ya gitaa lenye fazi na wa-wa (vifaa vya kukwaruza na kupindisha sauti ya gitaa), muimbaji wao Emmanuel Chanda ambaye watu walimpachika Jagari kwa sababu ya Mick Jagger. Shaba ilikuwa inalipa, migodini kuna mishahara, vijana wa Kitwe wanasikiliza Rolling Stones, Deep Purple na James Brown, halafu Rais Kaunda akaja na agizo kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Sasa fikiria, una kizazi kizima kilichojifunza gitaa kwa roki ya Uingereza na Marekani, na redio ghafla inataka nyimbo za nyumbani. Ndo ikazaliwa Zamrock, yaani roki ya Kizambia. Na watu wa Nairobi msijione mko mbali na hii habari, santuri kadhaa za mwanzo za Zamrock zilichapwa huko kwenu, na bendi ya Musi-O-Tunya ilihamia kabisa Kenya kutafuta maisha.

Halafu ikaanguka haraka. Bei ya shaba ikashuka katikati ya muongo, vita vya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) vikaleta amri za kutotoka nje usiku (sasa dansi utapiga saa ngapi?), kaseti za kurudufu zikala mauzo, disko ikaingia, na ukimwi ukawamaliza wengi. Katika kile kikosi cha miaka ya 70 Jagari ndo amebaki peke yake, na kwa miaka mingi alikuwa anachimba vito vya thamani kujipatia riziki.

Basi turudi kwenye swali. Masta ni ile tepu ya mwisho iliyotoka studio, ndo kitu cha kwanza unachotafuta ukitaka kutoa albamu upya, na kwa bara letu mara nyingi haipo. Lebo ilifungwa, stoo ikapata unyevu, au tepu ilifutwa ili irekodiwe kitu kingine maana tepu ilikuwa ghali. Ikikosekana unatafuta santuri zenyewe, na hapa ndo watu wanadhani fundi anaweka sahani moja kwenye mashine anabonyeza rekodi basi. Hapana. Unatafuta kopi kadhaa, unaziosha, unajaribu sindano za ukubwa tofauti kwa sababu sindano za zamani zilikwangua mfereji kwenye kimo fulani tu, ukipata sindano inayogusa juu kidogo au chini kidogo ya hapo unakutana na ukuta ambao bado mzima. Unaweza kuchukua upande A kwenye kopi moja na upande B kwenye nyingine, hata wimbo mmoja ukaungwa vipande, na ikifanywa vizuri msikilizaji hajui kitu.

Roki nzito ina ugomvi wake hapa. Fazi inatengenezwa kwa kukata vichwa vya mawimbi ya sauti, yaani gitaa linasukumwa mpaka wimbi linakuwa na kona kali badala ya kupinda taratibu. Sasa programu ya kuondoa mikwaruzo nayo inatafuta kona kali hizo hizo, haijui hii ni kovu la sahani na hii ni gitaa la Chris Mbewe, inakula vyote. Ukiiachia ifanye kazi yenyewe unapata santuri safiii isiyo na meno, gitaa limekuwa kama linapigwa nyuma ya godoro. Kwa hiyo kwa muziki wa aina hii mikwaruzo unaiondoa mmoja mmoja kwa mkono, na ule mlio wa "shhh" wa chini kwa chini wa sahani mimi nauacha, maana ukiubana sana matoazi yanaanza kulia kama maji. Nikisikia toleo la Zamrock liko kimya kabisa kati ya nyimbo huwa naingiwa na wasiwasi kwanza, kusifia baadaye.

Ila hata masta ikipatikana bado haijamaliza ubishi. Mfano mzuri ni Amanaz, wenzao na WITCH, albamu yao Africa ya 1975 ina miksi mbili (namna mbili za kuchanganya sauti zilezile), moja kavu na nyingine imejaa mwangwi, na Now-Again walipoitoa upya waliweka zote mbili. Uamuzi wa heshima sana huo kwa maoni yangu, maana ipi ndo "halisi" nani anaamua?

Hao Now-Again, lebo ya California ya Egon Alapatt, ndo waliotoa 2012 ule mkusanyiko mkubwa wa WITCH wenye albamu zao za miaka ya 70, kwa makubaliano na Jagari mwenyewe. Hili la makubaliano mimi nalipa uzito kuliko hata sauti. Kuna kopi za magendo nyingi za Zamrock huko nje, zimechukuliwa kwenye faili tu zikachapwa, kava limepigwa skani halina hata jina la mpiga ngoma. Baada ya matoleo halali mzee Jagari alirudi jukwaani, 2019 ikatoka filamu kuhusu yeye na bendi, na 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango, wakiirekodi Lusaka.

Kabla hujatoa hela angalia mwenye haki ametajwa, kijitabu cha ndani kipo, na maelezo ya chanzo cha sauti yapo au yamekwepwa. Maneno "gramu 180" yasikuteke, huo ni uzito wa plastiki, haurekebishi uhamishaji mbovu. Pochi ikibana anza na Lazy Bones!! ya 1975, cheza wimbo wa Black Tears kwa sauti ya juu kidogo uone kama gitaa bado linang'ata. Introduction, albamu yao ya kwanza, nayo chukua ila jua ni bendi changa, sauti nyembamba, na hakuna fundi atakayeinenepesha. Zile albamu zao mbili za miaka ya 80 ni disko, Jagari hayumo, ziache mpaka uwe umeshanogewa.