Wahandisi wa Medani na Njia za Kusini

Jeshi lisilo na njia halifiki vitani. Ndiyo maana tangu enzi za Warumi pamekuwapo askari wa sururu na shoka, wahandisi wa medani, wanaowafungulia wenzao njia na kumfungia adui. Kusini hapa mwa Tanzania, alama za kazi yao, na za kukosekana kwake, bado zipo.

Novemba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, wiki chache baada ya mapigano ya Mahiwa huko Lindi, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivuka mto Ruvuma karibu na Ngomano bila daraja lolote. Waingereza waliomfuata kutokea Lindi waliwatumikisha wapagazi. Palipokosekana barabara, kichwa cha Mwafrika ndicho kilichobeba vita. Leo Mtambaswala, kwenye mto huohuo, lipo Daraja la Umoja, mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliamini ujuzi wa vitani ungelima karanga. Usimamizi wa mradi huku Tanganyika ulipewa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi, na vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu ya mradi. Lakini mvua na udongo havipokei amri, na mwaka 1951 mradi ulivunjwa. Reli yake nayo ilifungwa baadaye. Faida kubwa iliyobaki, kwa maoni yangu, ni bandari ya Mtwara.

Wahandisi wa medani pia hutega mabomu ardhini na kuyategua. Ng'ambo ya Ruvuma, vita viliacha mabomu ambayo Msumbiji ilitangaza kuyamaliza mwaka 2015. Waliosaidia kuyanusa ni pamoja na panya buku waliofunzwa Morogoro!

Urithi wa jeshi unaotugusa zaidi ni daraja la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey na kuanza kutumika vitani mwanzoni mwa miaka ya 1940. Ni fremu za chuma, kila moja na urefu wa mita 3 hivi, na watu 6 wanaweza kuibeba. Huunganishwa kwa pini, hakuna haja ya kreni. Daraja huundwa ng'ambo moja juu ya rola, likafungiwa pua nyepesi (fremu za kutangulia) mbele, kisha likasukumwa taratibu. Uzito wa nyuma hulizuia lisitumbukie mpaka pua iguse ukingo wa pili. Mzigo ukiwa mkubwa, fremu hupangwa mbili mbili au kupandishwa ghorofa.

Mvua zikikata barabara, madaraja ya chuma ya aina hii ndiyo hufungwa kwa muda. Kibao cha uzito pale kimetokana na idadi ya fremu zilizopangwa, kwa hiyo lori la korosho lililozidisha mzigo halitavushwa na ustadi wa dereva. Na pini inayong'olewa kwenda kuuzwa chuma chakavu ndiyo iliyoshikanisha fremu mbili. Ukiona tundu halina pini, zuia magari kwanza, kisha piga simu kwa watu wa barabara au polisi.