Kanisa takatifu lenye wakosefu: inawezekanaje?

Kwenye madarasa ya wakatekumeni watu wazima, yaani wanaojiandaa kubatizwa, hili swali huwa halikosi, na mara nyingi anayeuliza hana ubishi wowote, limemkaa tu rohoni. Anasema: mwalimu, mwanzo wa misa tumejipiga kifua tukasema nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana, na padri naye kajipiga kifua hivyo hivyo, halafu haijapita hata nusu saa tunasimama wote tunasema nasadiki kwa Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume. Takatifu kwa lipi sasa?

Ukiweka na kashfa ambazo kila mtu anazijua, mapadri waliodhulumu watoto, maaskofu waliowahamisha kimya kimya badala ya kuwachukulia hatua, hela kuliwa, basi swali linakuwa zito na sisi tunaofanya kazi ya katekesi hatuna ruhusa ya kulijibu kwa mkato.

Tuanze na neno lenyewe maana Kiswahili hapa kinatutega kidogo. Takatifu limetoka kwenye kutakata, na kitu kilichotakata ni kisafi, hakina doa, kwahiyo sikio letu likisikia Kanisa takatifu linapokea moja kwa moja "kundi la watu wema". Ila kwenye Kiebrania cha Biblia neno ni kadoshi, na linabeba kwanza wazo la kitu kilichotengwa kwa ajili ya Mungu, kikawa chake. Vyombo vya hekaluni viliitwa vitakatifu na bakuli halina tabia njema wala mbaya. Musa pale kwenye kichaka kinachowaka aliambiwa avue viatu kwa sababu anaposimama ni nchi takatifu, na udongo ulikuwa ule ule wa jangwani alikokuwa anachunga kondoo, kilichobadilika ni nani yupo pale. Utakatifu unaanzia kwa Mungu anayechukua kitu kiwe chake, usafi wa maisha unakuja nyuma yake kama matunda na kama wajibu. Wengi wetu tunaligeuza, tunadhani watu wakishakuwa safi vya kutosha ndo Kanisa linapata cheo cha takatifu.

Chukua Wakorintho. Paulo kwenye barua yake ya kwanza anawasalimia kama watu "waliotakaswa katika Kristo Yesu, walioitwa wawe watakatifu", vizuri kabisa, halafu we endelea kusoma. Sura ya kwanza hiyo hiyo kuna makundi, huyu wa Paulo huyu wa Apolo huyu wa Kefa. Sura ya 5 kuna mtu anaishi na mke wa baba yake na wenzake wanajivuna tu. Sura ya 6 wanapelekana mahakamani, sura ya 11 wanakuja kwenye meza ya Bwana mmoja ana njaa na mwingine kalewa. Na Paulo alishazijua habari hizo wakati anaandika ile salamu ya juu! Hakuwapamba wala hakufuta neno takatifu kwa hasira, alisema yote mawili kwenye barua moja, na mimi naona jibu la Kanisa mpaka leo ni hilo hilo limeongezewa maelezo tu.

Angalia pia mahali neno lilipokaa kwenye Kanuni ya Imani, ile nasadiki ya kwenye misa, iliyokamilishwa Konstantinopoli mwaka 381. Kanisa linatajwa baada ya Roho Mtakatifu, na haikutokea kwa bahati. Tunakiri kwanza Roho, Bwana mleta uzima, ndo tunataja Kanisa kama kazi yake. Na waraka kwa Waefeso sura ya 5 unasema Kristo alilipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake ili alitakase, aje ajiletee Kanisa lisilo na ila wala kunyanzi. Anayetakasa ni yeye. Kwahiyo tunaposema takatifu tunamsema Kristo ambaye ni kichwa, Roho anayeishi ndani yake, Neno la Mungu, sakramenti, na wale walioitikia neema kwa kweli akiwemo Bikira Maria, ambaye Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano unasema ndani yake Kanisa limeshafika kwenye ukamilifu. Hatusemi tumekaa kamati tukajipa maksi.

Sasa hili swali lilishawahi kupasua Kanisa vipande viwili, na ilikuwa hapa hapa bara letu, kaskazini. Mwaka 303 kaisari Diocletian alianzisha mateso makali, akaamuru vitabu vya Maandiko vikusanywe vichomwe. Kuna viongozi walikataa wakafa, kuna waliosalimisha vitabu ili wapone. Mateso yalipopoa likaja balaa lingine, Cecilianus akawekwa wakfu kuwa askofu wa Carthage, mji wa Tunisia ya leo, na mmoja wa waliomwekea mikono, Felix, akatuhumiwa kwamba alisalimisha vitabu. Kundi likasema basi uaskofu huo ni batili, mikono michafu haiwezi kutoa kitu kitakatifu, wakasimamisha askofu wao, na baadaye wakajulikana kama Wadonati kwa jina la kiongozi wao Donatus. Aliyebatizwa upande wa pili akija kwao wanambatiza upya. Tusiwacheke kwanza, walikuwa watu waliozika ndugu zao waliouawa kwa imani, uchungu wao ulikuwa wa kweli, na bado ukienda na hesabu yao unafika pabaya: hutajua kamwe kama ubatizo wako ni halali mpaka uchunguze roho ya aliyekubatiza, na ya aliyempa huyo daraja, na ya aliyemtangulia, huko nyuma kote.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, alihangaika nao miaka mingi, na jibu lake tunalitumia mpaka leo: Petro akibatiza, Kristo ndiye anayebatiza; Yuda akibatiza, Kristo ndiye anayebatiza. Anatoa na mfano wa mfereji wa jiwe. Maji yanapita kwenye mfereji yanafika bustanini, jiwe lenyewe halioteshi kitu, linabaki kavu vile vile, lakini vitalu vinamea. Huo mfano mimi naupenda kwa sababu haumpi mhudumu mbaya faraja yoyote, anapitisha uzima na yeye mwenyewe anabaki jiwe.

Kwahiyo wale wanaotuandikia wakiuliza "padri aliyenibatiza (au aliyetufungisha ndoa) baadaye alikutwa na makosa makubwa, sasa sisi tumekuwaje?", jibu ni kwamba dhambi yake haikuiharibu sakramenti yenu, ubatizo wako ni ubatizo, haurudiwi, na ndoa yenu haikubatilika kwa sababu ya dhambi za yule padri. Mtaguso wa Trento mwaka 1547 uliliweka hilo wazi, neema inakuja kwa tendo lenyewe la Kristo kwenye sakramenti, haisubiri ubora wa mhudumu.

Ila hapa naomba tusikilizane, maana kuna watu wakishafika hapa wanalifanya fundisho liwe blanketi la kufunikia. Utasikia usimguse mpakwa mafuta wa Bwana, utasikia ngano na magugu viache vikue pamoja mpaka mavuno, kwahiyo nyamaza. Hapana bana. Mfano wa magugu kwenye Mathayo 13 unatukataza kudai Kanisa la wasio na dhambi peke yao kabla ya hukumu ya mwisho, haukatazi kumzuia anayeumiza wengine. Paulo yule yule aliyewaita Wakorintho watakatifu aliwaagiza kwenye sura ya 5 wamwondoe yule mtu kati yao. Na sheria za Kanisa zenyewe zinadai hivyo: Papa Fransisko mwaka 2019 alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi inayowabana mapadri na watawa waripoti unyanyasaji na majaribio ya kuuficha, tena inawagusa hadi maaskofu, na sehemu ya adhabu kwenye Sheria ya Kanisa iliandikwa upya ikaanza kutumika Desemba 8, 2021. Utakatifu wa Kanisa ni sababu ya kumshtaki mkosaji, sijui nani alituambia ni sababu ya kumficha. Aliyeumizwa akiongea halichafui Kanisa, aliyelichafua ni yule aliyetenda na yule aliyejua akakaa kimya.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwenye hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, namba 8, unasema Kanisa linawakumbatia wakosefu kifuani mwake, kwahiyo ni takatifu na hapo hapo linahitaji kutakaswa daima, linafuata toba na kujifanya upya bila kukoma. Soma tena hayo maneno "kifuani mwake", yaani wakosefu hawako getini wanasubiri kuruhusiwa, wako ndani, ni wanae. Wanateolojia wanabishana kama tuseme Kanisa lenyewe linatenda dhambi au ni wana wa Kanisa wanaotenda. Papa Yohane Paulo II alishika njia ya pili, na kuna watu walimwona kama anakwepa, ila tazama alichofanya Machi 12, 2000 ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro: wakuu wa ofisi za Vatikano mmoja mmoja wanasoma maungamo, dhambi za kutumia nguvu kutetea ukweli, dhambi dhidi ya Wayahudi, dhidi ya haki za watu na tamaduni zao, dhidi ya heshima ya wanawake, kila ungamo taa inawashwa mbele ya msalaba, na mwisho yule mzee aliyekuwa anatetemeka kwa ugonjwa akaukumbatia msalaba akaubusu. Dhambi hizo yeye binafsi hakuzitenda. Alibeba za familia.

Na watakatifu wenyewe hawakuwa watu wa kufumba macho. Katarina wa Siena, mwanamke mlei wa karne ya 14, aliandika barua kali kwa Papa Gregori XI aliyekuwa akikaa Avignon, Ufaransa ya leo, akimtaka arudi Roma na arekebishe wachungaji wabovu, na papa akarudi kweli mwaka 1377. Aliwakaripia bila kuhama Kanisa.

Turudi kwenye misa maana huko ndo swali lilianzia. Kabla ya kupeana amani padri anasali: usizitazame dhambi zetu, bali imani ya Kanisa lako. Kwenye misale (kitabu cha sala za misa) ya zamani sala hii padri aliisali kwa sauti ya chini, na kwa Kilatini ilikuwa peccata mea, dhambi zangu mimi. Misale mpya baada ya Mtaguso ikaweka nostra, zetu, na inasaliwa kwa sauti wote tusikie. Mimi hiyo zangu huwa naikumbuka kila jumapili tukifika hapo, halafu tunaitikia amina na padri anatutakia amani.