Doa Ndani ya Yakuti Samawi

Wengi wanaotuletea yakuti samawi kuipima hutanguliza sifa moja: ni safi, haina hata doa. Kwetu wapimaji, sifa hiyo ndiyo hutufanya tuinamie hadubini kwa makini zaidi, kwani doa ndilo mara nyingi huonyesha kama kito kimetoka ardhini.

Yakuti samawi ni fuwele ya korundi, yaani alumini na oksijeni. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Chembe za chuma na titani huipa buluu. Kromiamu ikizidi, inakuwa nyekundu na kuitwa rubi. Ndugu wa tumbo moja. Zipo pia za manjano, kijani na waridi. Kwa ugumu ina 9 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho mwisho wake ni 10 ya almasi, ila usiifunge mfuko mmoja na almasi, itachorwa.

Turudi kwenye doa. Kwa lenzi inayokuza mara 10, yakuti ya ardhini mara nyingi huonyesha nyuzi nyembamba zinazopishana, tunaziita hariri. Ni sindano za madini ya rutili. Zikijaa, na kito kikisuguliwa kiwe na mgongo wa mviringo, taa moja tu huchora juu yake nyota ya miale sita, nayo hutembea ukikigeuza.

Yakuti ikipikwa kwenye tanuri lenye nyuzijoto 1,600 za Selsiasi na zaidi, hariri huyeyuka na rangi huweza kukolea. Kupika si utapeli, nyingi zilizoko sokoni zimepikwa. Utapeli ni kunyamaza, maana yenye rangi nzuri ambayo haijaguswa na moto huuzwa ghali zaidi.

Halafu kuna za kutengenezwa. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake mwaka 1902, na mizani haiwezi kuzitofautisha na za ardhini. Kinachozifichua ni viputo vya hewa na mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri.

Kuhusu maana, tangu kale buluu hii imehusishwa na mbingu na uaminifu. Ndiyo iliyokuwa kwenye pete ya uchumba ya Diana wa Uingereza mwaka 1981. Ile sakafu ya yakuti samawi katika Biblia, Kutoka 24:10, hata hivyo, wataalamu wengi huiona kuwa lapisi lazuli, jiwe jingine kabisa.

Ukienda kununua, kitazame kito kwenye mwanga wa mchana, kwani buluu iliyozidi kiza ndani huonekana nyeusi. Kwenye cheti, kabla ya karati, yaani uzito wa kito, soma sehemu inayotaja kama kimepashwa joto.