Je, wajua kwa nini kumnyima teja sindano dukani hakumzuii kujidunga?

Kijana anaingia duka la dawa Darajani, Unguja, anaomba bomba moja la sindano. Muuzaji anamwangalia mikono, kisha uso. "Zimekwisha, kaka." Boksi limo kwenye rafu nyuma yake, na bibi mwenye sukari aliyekuja baadaye anapewa lake bila ya kuulizwa cheti cha daktari.

Muuzaji anaona amemnusuru mtoto wa watu. Lakini mwenye arosto, yaani mateso ya kukosa unga, hasubiri. Anarudi maskani, anaazima bomba la mwenzake.

Hapo ndipo balaa lilipo. Anayejidunga huvuta damu kidogo kwanza, kuhakikisha amepata mshipa. Hata akisukuma hadi mwisho, damu hubaki kwenye kijipengo baina ya bomba na sindano. Bomba la insulini, ambalo sindano yake haichomoki, hubakisha kidogo mno. Yale yenye sindano ya kuchomeka na kuchomoa hubakisha damu mara nyingi zaidi ya hiyo. Katika maabara, virusi vya homa ya ini C vimekutwa hai ndani ya bomba la namna hiyo hata baada ya siku 63. Kusuuza mara moja kwa maji ya kopo, kama wengi wanavyofanya, hakutoshi.

Edinburgh, Uskochi, waliyaona haya mapema. Miaka ya 1980 sindano zilifanywa adimu huko, na mwaka 1986 madaktari wakaripoti kuwa katika watumiaji wa heroini 164 waliopimwa kwenye kituo kimoja, asilimia 51 wana VVU. Jimbo la Connecticut, Marekani, lilikwenda njia nyengine: mwaka 1992 liliruhusu sindano ziuzwe bila ya cheti. Katika waliohojiwa, wanaochangia sindano walishuka kutoka asilimia 52 hadi 31. Unga haukuisha, ila damu ilipungua kuhama.

Kwetu Unguja, VVU katika watu wote haifiki asilimia 1. Kwa wanaojidunga, utafiti wa 2007 ulikuta asilimia 16, na ule wa 2012 asilimia 11.3. Na hao wana wake na waume. Virusi havina maskani.

Kuna jambo jengine ambalo muuzaji wetu halihesabu. Tangu 2015, Kidongo Chekundu kuna kliniki ya methadoni, dawa inayotuliza arosto bila ya sindano. Pale kaunta, wakati wa kutoa chenji, ilikuwa nafasi ya kumtajia kijana. Aliyeambiwa "zimekwisha" ameshatoka mlangoni.