Damu Yetu Inatafutwa: Maswali ya Waafrika Waishio England Kuhusu Kuchangia Damu

Maswali haya huulizwa mara kwa mara na Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Waafrika wengine waishio Uingereza. Utaratibu unaoelezwa hapa ni wa England, ambako uchangiaji unasimamiwa na NHS Blood and Transplant, taasisi ya huduma ya afya ya umma inayoshughulikia damu.

Swali: Damu si ni damu tu? Kwa nini wachangiaji weusi wanatafutwa?

Jibu: Ni kweli kwamba damu haina rangi ya ngozi, na kila siku watu wa asili mbalimbali huokoana. Hata hivyo, makundi tuliyoyazoea, yaani A, B, AB na O pamoja na chanya na hasi, ni sehemu ndogo tu ya alama zilizo juu ya chembe nyekundu. Alama hizo zipo kwa mamia na hurithiwa kutoka kwa wazazi, kwa hiyo watu wenye asili moja hukaribiana zaidi. Mfano mkubwa ni kundi dogo liitwalo Ro, ambalo zaidi ya nusu ya watu weusi wanalo, ilhali miongoni mwa wachangiaji weupe hupatikana kwa takribani watu 2 tu katika kila 100.

Majeruhi anayeongezewa damu mara moja kwa kawaida hasumbuliwi na tofauti hizo. Mgonjwa wa selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu, yuko katika hali nyingine kabisa. Wapo watoto wanaoongezewa damu kila baada ya wiki chache kwa miaka mingi kwa sababu kipimo cha mishipa ya kichwani kimeonyesha kwamba wanaweza kupata kiharusi, na wapo watu wazima wanaobadilishiwa damu kwa mashine: mgonjwa hulala saa kadhaa akiwa na mirija miwili, mmoja ukitoa chembe zake zilizopinda na mwingine ukiingiza chembe za wachangiaji, na shughuli hiyo moja inaweza kumaliza hadi chupa 10. Mwili ukikutana mara kwa mara na alama usizozijua, hutengeneza kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi yake, na tangu hapo damu yenye alama hizo huweza kuvunjwa mara tu inapoingia. Mgonjwa wa namna hiyo hufika mahali ambapo damu ipo hospitalini lakini haimfai.

Ro inapokosekana, mara nyingi mgonjwa hupewa damu ya kundi hasi, na hasa O hasi, ambayo ndiyo inayotegemewa wakati wa dharura. Huwezi kujua mwenyewe kama una Ro. Damu yako hupimwa baada ya kuichangia.

Swali: Nyumbani nilitoa damu ndugu yangu alipolazwa. Je, na huku nisubiri kuitwa?

Jibu: Hapana. Wengi wetu tulizoea kwamba mgonjwa akiishiwa damu, wodi huwaambia ndugu walete wachangiaji. Huku hakuna muuguzi atakayekupigia simu shangazi yako akiumwa, kwa kuwa damu yake imekwisha kuchangiwa na watu asiowajua. Ni utaratibu mzuri, lakini unatufanya tudhani kwamba hatuhitajiki. Unajiandikisha mwenyewe na kuchagua siku. Wanaume wanaruhusiwa kuchangia kila baada ya wiki 12, wanawake kila baada ya wiki 16.

Swali: Mimi nina AS, yaani nimerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu na si mgonjwa. Naruhusiwa?

Jibu: Ndiyo, ilimradi u mzima wa afya, na uwaeleze wahudumu kuhusu hali yako. Damu yako haitapewa mgonjwa wa selimundu, lakini itawafaa wengine.

Swali: Nilikwenda nikarudishwa kwa sababu ya upungufu wa wekundu wa damu (hemoglobini). Nifanye nini?

Jibu: Kwanza, usilichukulie kama aibu, wala usiishie hapo. Kabla ya kuchangia, hudungwa kidole na tone la damu hupimwa. Kiwango kinachotakiwa ni gramu 125 kwa lita kwa wanawake na 135 kwa wanaume. Kuwa chini ya hapo kunaweza kuwa dalili ya kwanza ya tatizo ambalo mwili wako umelivumilia kimya kimya, kwa hiyo mwone daktari wako na uombe kupimwa akiba ya madini ya chuma.

Kwa wanawake, mweleze daktari ukweli kuhusu hedhi yako. Uvimbe wa fibroidi kwenye kizazi huwapata wanawake weusi zaidi kuliko wengine, nao huweza kusababisha damu kutoka kwa wingi kila mwezi. Nasikitika kwamba wengi hufundishwa tangu usichana kwamba kubadilisha pedi kila saa ni bahati mbaya ya kuvumiliwa, ilhali ni hali inayotibika. Vivyo hivyo, hamu kubwa ya kula udongo mara nyingi huashiria upungufu wa madini ya chuma, na kuula hakuuondoi upungufu huo.

Katika chakula, maharage, mchicha, nyama na dagaa husaidia, hasa vikikamuliwa ndimu. Chai iliyokolea inayonywewa pamoja na mlo huzuia madini hayo yasifyonzwe. Ni afadhali kuinywa saa moja au zaidi baadaye.

Swali: Je, bado wanatukatalia kwa kuogopa UKIMWI?

Jibu: Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Hadi 2021, mtu aliweza kuahirishwa kwa sababu tu mwenzi wake alitokea kusini mwa Sahara. Swali hilo liliondolewa, na sasa kila mchangiaji huulizwa kuhusu mwenendo wake mwenyewe, kisha damu yote hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Hata Marekani, Dkt. Charles Drew, daktari mweusi aliyesimamia mpango wa kupeleka plazma, yaani majimaji ya damu, Uingereza mwaka 1940, aliishi kuona damu ya watu wake ikitengwa; Msalaba Mwekundu wa huko uliacha kuitenga mwaka 1950.

Swali: Nimetoka likizo Mombasa. Nisubiri muda gani?

Jibu: Kwa kawaida miezi 4 tangu uondoke kwenye eneo lenye malaria. Ikiwa uliwahi kuugua malaria, au uliishi huko miezi 6 au zaidi mfululizo, baada ya muda huo damu yako itafanyiwa kipimo cha kingamwili za malaria. Kwa hiyo taja safari zako zote unapojiandikisha.